Bomba Lisilofika Ukutani

Kila asubuhi ya msimu wa mvua, jambo la kwanza alilofanya Kasuku baada ya kuamka lilikuwa kuinama. Asipoinama, shuka mbichi ilimkumba usoni. Mama yake alikuwa dobi, na kwa kuwa mvua haikukatika, kamba za kuanikia zilikuwa zimehamia ndani. Shuka za nyumba ya wageni zilining'inia kutoka ukuta huu hadi ule, na chini yake watu walikula, walivaa na kulala. Sare ya shule aliitafuta kwa kupapasa, na kila alipoipata ilikuwa bado na ubaridi wa jana.

Kasuku halikuwa jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu alisoma kwa sauti maelezo ya kila kitu kilichoingia nyumbani, kuanzia boksi la dawa hadi mfuko wa sabuni, kisha akaweza kuyarudia neno kwa neno bila kutazama. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo wake, mwenye miaka sita, aliitwa Kibogoyo tangu meno yake ya mbele yalipong'oka kwa mpigo. Baba yao alikuwa mwashi. Kazi ilimweka mbali, na alirudi mwisho wa mwezi.

"Dada, nimekohoa kidogo tu," Kibogoyo alisema asubuhi hiyo. Alikuwa amejikunyata kitandani, mabega yamepanda juu kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili.

"Umejuaje? Ulikuwa unahesabu?"

"Nilihesabu, halafu nikapitiwa na usingizi."

Kibogoyo alikuwa na pumu. Daktari wa hospitali iliyo karibu alikuwa amempima, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akamgeukia mama na kumweleza bila kuzunguka. "Nguo zikikaukia ndani, maji yake hayapotei. Yanaingia kwenye hewa, yanatua ukutani, na ukuta unaota kuvu. Mtoto anavuta vyote hivyo. Nguo zitoke chumbani, mama, au mtoto atoke."

Kuanika nje hakukuwezekana, na kuacha kazi kulimaanisha kuacha kula. Ndipo mama alipoamua kununua mashine ya kukaushia nguo. Shangazi, dada yake baba, alikuja kumsindikiza dukani, kwa sababu mama aliona haya kubishana bei, na shangazi hakujua haya ni kitu gani. Kibogoyo aliachwa kwa jirani.

Dukani, mashine zilipangwa kando ya ukuta, nyeupe tupu. Muuzaji alikuwa kijana mwembamba mwenye kalamu sikioni.

"Karibuni, mama zangu. Ya kufulia au ya kukaushia?"

"Ya kukaushia," mama akajibu. "Ya kufulia ninayo, ingawa imezeeka kuliko mimi."

"Na iwe ya kukausha nguo," shangazi akadakia, "siyo ya kukausha mifuko yetu. Taja bei ya mwisho kwanza, maelezo yatafuata."

"Bei bila maelezo, shangazi, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia," muuzaji akacheka. "Nipe nafasi. Ziko aina mbili. Hii kubwa inavuta hewa, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo, kisha inaitoa pamoja na unyevu wake wote kwa bomba hili la nyuma. Bomba lazima litoke nje ya nyumba. Sisemi karibu na nje, nasema nje. Hii ndogo haina bomba. Unyevu wa nguo unageuka maji, maji yanaingia kwenye tangi, tangi likijaa unamwaga. Ila inabeba nguo chache na haina haraka."

Kasuku alikuwa ameshachagua. Mashine kubwa ilikuwa na mlango wa kioo cha duara, na ulipofunguliwa taa iliwaka ndani. Zaidi ya hayo, ingemeza shuka nyingi kwa mara moja, na yeye aliyekuwa akisaidia kuzikamua kila jioni alijua maana ya hilo mikononi mwake.

Mama hakuiangalia taa. Aliingiza mkono ndani ya pipa la mashine akapapasa kila upande, akitafuta mahali pakali panapoweza kurarua nguo ya mteja. Akachomoa chujio, akaliinua kwenye mwanga. "Hili linasafishwa lini?"

"Kila ukimaliza kukausha. Linashika nyuzi za nguo. Likiziba, mashine inapata moto kupita kiasi, na kuna nyumba zimeungua kwa uvivu huo. Na usiichomeke kwenye waya wa kurefusha. Iwe na soketi yake." Muuzaji akatoa kalamu sikioni. "Sasa nijibu, mama. Mashine itakaa wapi, na kutoka hapo hadi ukuta wa nje ni umbali gani? Ikizidi mita mbili, usinunue ya bomba."

Mama na shangazi wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amepima.

"Kasuku, kimbia nyumbani," mama akasema. "Futi kamba ipo kwenye droo ya cherehani. Pima kutoka soketi ya chumba cha nyuma hadi ukuta unaotazama barabara. Usikadirie, mwanangu. Pima."

Nyumbani hapakuwa mbali. Mvua ilikuwa imenyamaza kidogo, na kwenye uwazi wa mtaani wasichana wenzake walikuwa wakicheza netiboli kwenye tope.

"Kasuku! Tumepungukiwa mmoja!"

"Nimetumwa."

"Nani asiyetumwa hapa? Mimi mwenyewe nimetumwa chumvi tangu saa nne. Rusha mara moja tu!"

Alirusha mara moja, ikawa mara nyingi. Alipokumbuka, matone yalikuwa yameanza tena. Alikimbia hadi mlangoni kwao, akasimama kizingitini na kutazama kwa macho kutoka upande wa soketi hadi upande wa barabara. Kati ya chumba cha nyuma na barabara kulikuwa na chumba cha kulala kizima. Lakini jicho lake lilikuwa linaitaka mashine yenye taa, kwa hiyo likakiruka chumba hicho. Droo ya cherehani hakuifungua.

"Umepima?" mama akamuuliza alipofika dukani akihema.

"Nimepima. Mita mbili kasoro kidogo."

"Una hakika?"

"Mama, nani anasoma namba nyumba ile kama si mimi?"

Shangazi akacheka, muuzaji akacheka, na mama akalipia mashine kubwa.

Siku iliyofuata mashine ililetwa, na fundi wa kuifunga akaja nyuma yake. Mama alikuwa ametoka kupeleka shuka kwa wateja. Nyumbani alikuwapo Kasuku peke yake, bado na sare ya shule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti." Fundi aliitazama soketi, akalitazama bomba, akauliza, "Nani alipima hapa?"

"Mimi."

"Kwa kutumia nini? Kope?"

Fundi akavuta futi yake ya chuma, akapita nayo mlangoni, akavuka chumba cha kulala mpaka ukuta wa barabara. Umbali ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule uliotajwa dukani, na ukuta wa matofali ulisimama katikati.

"Bomba hili halifiki," alisema huku akikunja futi. "Na dirisha la chumba hiki linatazama korido iliyoezekwa. Hapo si nje. Nikiuacha mdomo wa bomba humu ndani, maji yote ya nguo mtayavuta kwa pua. Sikiliza vizuri. Mwambie mama asiiwashe. Airudishe dukani kesho ikiwa bado mpya, wampe ile ya tangi. Umesikia? Hebu rudia."

Kasuku akarudia neno kwa neno. Hilo aliliweza. Fundi akaridhika, akabeba mkoba wake akaenda zake.

Mama alirudi amelowa, na kichwani alikuwa na furushi lilelile alilotoka nalo. Nyumba ya wageni ilikuwa imezikataa shuka. Zilinuka uvundo, walisema, na zikija tena hivyo watatafuta dobi mwingine. Alilitua furushi, akaketi juu yake, akauliza bila kuinua uso, "Fundi amesemaje?"

Maneno ya fundi yalikuwa mdomoni mwa Kasuku, yamepangika vizuri. Lakini nyuma yake lilikuwapo swali la pili, nalo lilikuwa na hakika ya kuja: kwani wewe ulipima nini?

"Amesema atakuja kulimalizia bomba," akajibu. "Kwa sasa tunaweza kuitumia, mradi dirisha liwe wazi."

"Muuzaji alisema lazima litoke nje."

"Fundi ndiye anayejua, mama. Amesema si neno."

Mama alimtazama kidogo. Kisha akasimama, akalifungua furushi, na kuzitia shuka katika mashine.

Mashine ilifanya kazi kama ilivyosifiwa. Shuka ziliingia nzito zikatoka kavu, zikiwa na joto la mkate uliotoka tanuri. Mama alizishika usoni akacheka, kicheko ambacho hakikusikika nyumbani humo tangu mvua zianze. Kamba zikafunguliwa. Kwa mara ya kwanza Kasuku aliamka asubuhi bila kuinama, akajiambia kwamba huenda fundi alitia chumvi tu, mafundi wana tabia hiyo.

Lakini maji hayakuwa na pa kwenda. Mdomo wa bomba ulilala sakafuni ukipuliza hewa ya moto yenye unyevu. Dirisha liliachwa wazi mwanzoni, kisha baridi ya korido ikawa kali, mama akalirudishia nusu, na baadaye akalifunga kabisa. Kioo kikawa kinatoka jasho. Kuta nazo zikaanza. Kwenye kona za dari palitokea madoa meusi madogo kama mbegu za papai, kila siku yakiongezeka kidogo.

"Mbona fundi harudi?" mama aliuliza zaidi ya mara moja.

"Ana kazi nyingi," Kasuku alijibu. Uongo wa tatu ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Shangazi alipokuja kuwajulia hali, alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma akavuta pumzi ndefu. "Wifi! Humu mna joto zuri, utadhani mtu anajifukiza. Na huyu Kibogoyo wenu mnamlaza chumba cha baridi? Mvuke ni dawa ya kifua. Mlazeni hapa karibu na bomba, mtaona."

Mama alisita. "Mvuke wa nguo, wifi?"

"Mvuke ni mvuke. Na fundi si amesema mashine iko sawa?"

"Ndivyo alivyosema."

Wakaenda kulileta godoro. Kasuku alishika upande mmoja, mama upande wa pili. Walipolitua karibu na bomba, Kasuku alifungua kinywa.

"Mama..."

"Nini?"

"Tusimweke karibu sana. Atasikia joto."

"Joto ndilo tunalolitaka."

Kasuku akaanza kutandika. Kibogoyo aliruka juu ya godoro, akafurahi kuhamia chumba cha mashine. Nyuzi nyembamba nyeupe zilizoponyoka kwenye chujio zilikuwa zikielea hewani, naye alijaribu kuzidaka. "Dada, tazama, pamba zinaruka!" Kisha akakohoa, akasubiri, akadaka tena.

Alasiri moja Kasuku alirudi kutoka shuleni akakuta mlango wazi. Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni. Kibogoyo alikuwa ameketi ameinama mbele, mikono imebana magoti, na kila alipovuta pumzi ngozi katikati ya mbavu zake ilizama ndani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Alitaka kusema kitu, akafika silabi ya kwanza, akaiacha. Mama alimpulizia dawa ya pumu mdomoni mara nyingine, na haikubadilisha chochote. Nyuma yao mashine ilikuwa ikizunguka, taa yake ikiwaka.

Jirani mwenye gari aliwapeleka hospitali. Njia nzima ilisikika pumzi ya Kibogoyo tu, filimbi nyembamba inayokatika na kuanza upya.

Wauguzi walimpokea mlangoni, wakamvika barakoa ya oksijeni, wakamchoma sindano. Daktari alikuwa yuleyule. Alimshughulikia mpaka midomo ya mtoto iliporudi na wekundu kidogo. Ndipo akavuta kiti karibu na mama.

"Nyumbani kumebadilika nini tangu tulipoonana?"

"Kumebadilika kwa wema tu, daktari. Nguo mbichi hazianikwi tena ndani. Tulinunua mashine, akaja fundi wa duka, akaipitisha."

"Chumba ni kikavu?"

"Kina joto, daktari. Tena tumemhamishia humo, alale pazuri."

Daktari alichukua kalamu, akaandika. "Basi chanzo si unyevu. Itabidi tutafute kwingine. Nitamwongezea dawa kali zaidi. Zina madhara yake, lakini sina njia nyingine. Akipata nafuu atarudi nyumbani, aendelee kulala hukohuko kwenye joto."

Kasuku alikuwa amesimama kwenye miguu ya kitanda. Alielewa vizuri kile alichokisikia. Kibogoyo angepewa dawa asizohitaji, kisha angerudishwa kwenye lile godoro, mdomo wa bomba ukiwa unampulizia usoni, na hakuna mtu mwingine katika chumba kile aliyejua hivyo isipokuwa yeye.

"Fundi hakuipitisha," akasema.

Mama aligeuka. "Unasema nini?"

"Hakuipitisha, mama. Alisema hivi: 'Bomba hili halifiki. Nikiuacha mdomo wa bomba humu ndani, maji yote ya nguo mtayavuta kwa pua. Mwambie mama asiiwashe. Airudishe dukani kesho ikiwa bado mpya, wampe ile ya tangi.' Na dukani nilisema nimepima, lakini sikupima. Nilicheza mpira. Niliangalia kwa macho."

Mama hakupiga kelele. Alimtazama binti yake kama mtu anayejaribu kumkumbuka, kisha akageuza uso kwa Kibogoyo na kumrekebishia shuka, ingawa shuka ilikuwa imekaa sawa.

Daktari alimuuliza Kasuku maswali mafupi: bomba linatokea wapi, dirisha linatazama wapi, kuta zikoje, mtoto amelala hapo kwa muda gani. Alijibiwa yote. Akayafuta aliyokuwa ameyaandika.

"Sikiliza, binti," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira wala ya upole. "Mimi siioni nyumba yenu. Naiona kwa maneno mnayoniletea. Maneno yakiwa ya uongo, namtibu mtoto mwingine ambaye hayupo, na huyu aliyepo naendelea kumuumiza. Umesema sasa, na imesaidia. Ungesema siku ile ya fundi, mdogo wako asingekuwa kitandani hapa. Yote mawili ni kweli, na utaishi nayo yote mawili."

Usiku wa kwanza wodini ulikuwa mbaya. Mama hakuwahi kuusimulia. Kibogoyo alikaa hospitali muda mrefu, na alipotoka shingo yake ilikuwa nyembamba na alichoka kwa kupanda ngazi chache. Sasa alihitaji dawa kila siku, asubuhi na jioni. Daktari hakuahidi kwamba angerudi kuwa kama zamani. Alisema wangoje msimu wa mvua upite, waone.

Mashine ilikuwa imezimwa tangu siku ileile Kibogoyo alipolazwa. Mama alimtuma Kasuku aende dukani pamoja na shangazi, akaeleze kwa kinywa chake mwenyewe. Njiani shangazi akasema, "Na mimi nina langu. Mimi ndiye niliyesema godoro lihamishwe. Nilijifanya daktari."

"Mlidanganywa, shangazi."

"Nilidanganywa, ndiyo. Lakini macho nilikuwa nayo. Ukuta ulikuwa unatoka jasho mbele yangu."

Muuzaji aliwasikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakufanya mzaha. Alikubali kuichukua mashine, lakini kama kitu kilichotumika, na kuwapa ile ndogo. Tofauti ya thamani mama aliilipa kwa kazi: alifua sare za wafanyakazi wa duka mpaka mvua zikaisha. Wakati huo Kasuku alikuwa akisugua kuvu kwenye kuta kwa brashi na maji ya sabuni kali, mdomo amejifunga kitambaa, kona baada ya kona.

Mashine ndogo ilifungwa na fundi yuleyule. Safari hii alisema yote aliyokuwa nayo mbele ya mama. Ilibeba nguo chache na haikuwa na haraka. Ilipomaliza mara ya kwanza, Kasuku alichomoa tangi ili alimwage, akashangazwa na uzito wake. Lilikuwa limejaa karibu pomoni, maji maangavu kabisa. Alisimama nalo mikononi, akiyatazama.

Mama alikuja akasimama kando yake. Tangu hospitali walikuwa wakizungumza mambo ya kazi tu.

"Hayo ni ya shuka chache," mama alisema. "Zile zilizopita maji yake hatukuyaona. Alikuwa anayavuta mdogo wako."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini nataka uelewe ni nini nilichokusamehe. Kutopima kulikuwa kosa la mtoto. Ningekugombeza, tungerudi dukani kesho yake, na leo tungekuwa tumesahau. Kilichomfikisha Kibogoyo pale ni uongo wa kulifunika kosa hilo, na kila siku iliyopita ulihitaji uongo mwingine wa kuufunika ule wa jana. Kila mtu hukosea, mwanangu. Mimi nimewahi kuziunguza nguo za watu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado linarekebishika. Ukingoja, atakayelilipia ni mtu mwingine, na mara nyingi ni yule asiyejua lolote."

"Nimeelewa."

"Basi kamwage maji, urudishe tangi. Shuka nyingine zinangoja."

Kutoka chumba cha kulala Kibogoyo alikohoa, kikohozi kikavu, kifupi. Mama na Kasuku walitulia pamoja wakisikiliza. Hakukohoa tena. Kasuku akalibeba tangi kwa mikono miwili, akatoka nalo nje kwenye mvua, na kulimwaga mtaroni.